Ngazi Ninazoziruka

Tunaanzia mbele ya Jumba la Nyaraka,
pale Nairobi nzima inapoahidiana kukutana
na nusu yake haiji.
Leo wamekuja saba.
Mwavuli wangu wa manjano nauinua juani:
simu mfuko wa ndani, jamani, na tusiachane.

Luthuli kwanza. Hapa sauti huuzwa kwa uzito.
Kila duka limesimamisha spika mlangoni kama bawabu mlevi,
kila spika inamtukana jirani yake,
na katikati ya matusi hayo fundi wa simu
ameinamia skrubu ndogo kuliko punje ya wimbi.
"Husikii kelele?" Bwana Hisao anauliza kupitia kwangu.
"Nasikia," asema kijana. "Ila sisikilizi."
Mzee wa Nagoya analiandika hilo kwenye daftari,
kisha anarudi kuhesabu hatua. Anahesabu hatua zote.

Teremkeni. Chungeni vichwa, boriti iko chini.
Chumba hakina dirisha, kina runinga kumi na moja,
shilingi ishirini kila mechi, ukifungwa inuka.
Watoto wa shule wamevua tai wakazifunga vichwani.
Mama Nasieku anafuma sweta pembeni,
hainui macho,
na anajua nani anacheza kwa deni.

Jeevanjee, Jumamosi, wahubiri wamesogezwa kidogo.
Mutheu amevaa nywele za buluu, rasta paketi sita,
na upanga ambao hadi Krismasi ulikuwa godoro.
"Leo wewe ni nani?"
"Jemadari. Ufalme wangu uko chini ya maji.
Jumatatu nauza bima ya mazishi."
Mhubiri ananguruma: Shetani ana rangi nyingi!
"Na zote nimezinunua River Road," anamjibu, "risiti ninayo."
Wageni wanapiga picha. Yeye anashika upanga kwa mikono miwili,
kidevu juu, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti
ya nchi anayotoka kweli.

Halafu nakaza mwendo.
Kuna mlango wa kijani, kuna ngazi,
na kila Jumamosi naziruka.
Hapo? Hapo ni ghala tu, twendeni.

Ghorofa ya tatu kaka yangu Lubanga alikuwa akipiga sahani,
akiziunganisha nyimbo mbili hadi usijue
ipi imekufa na ipi imezaliwa.
Watu walicheza wakaacha viatu.
Sasa analinda lango huko Doha,
lango la nini hajaniambia.
Hupiga simu usiku kwao, jioni kwetu: "Bado wanajaa?"
Nami husema wanajaa, mpaka ngazini.

Bwana Hisao amesimama. Hahesabu.
Ameinama, kidole juu ya saruji.
"Ngazi hizi zimelika katikati," anasema.
"Na pembeni pia. Mizigo haipandi hivi."
Akapanda. Sita wakamfuata.
Kiongozi wa matembezi nikawa wa mwisho,
mwavuli umefungwa, kwapani.

Juu, mabeseni.
Mekundu, ya kijani, yamevaana hadi darini,
na mwenye duka anakula chapati juu ya jukwaa
asilojua ni jukwaa.
Ila sakafu ilikuwa inang'aa duara moja kubwa,
na spika za mtaa wa pili zilipanda kupitia dirishani,
na kisigino cha mtu, sikuona cha nani,
kikaanza kugonga.

Simu ikatetemeka mfuko wa ndani.
"Bado wanajaa?"
Nikawatazama.
"Wako saba," nikasema.
Kimya kirefu, gharama yake juu yake.
"Saba si haba," akasema. "Nilianza na wanne."

Mzee wa Nagoya alinunua beseni.
Jekundu. Hakutaka mfuko.